Askari waliona kitu kikisonga, daktari mkubwa akakataa

Wasee, wengi wetu tunadhani macho ni kamera na ubongo ni skrini. Zii. Na vile watu walikuja kujua si hivyo, ilianza na risasi.

1917, Vita Vikuu vya Kwanza. Madaktari wa jeshi la Uingereza wanapokea askari waliopigwa kisogoni. Huko nyuma ndiko kuna V1, eneo la kwanza la gamba la ubongo kupokea picha, so ukiumia hapo unaweza kupoteza upande mzima wa dunia. George Riddoch, hata miaka 30 hajafika, akawapima akapata kitu cha ajabu. Kwenye ule upande wa giza, weka kitu kimetulia, hawaoni. Kisongeze, wanajua kuna kitu kinasonga. Umbo hawajui, rangi hawajui. Mwendo tu.

Mwaka uliofuata Gordon Holmes akakataa. Kwake kuona hakugawanyiki vipande hivyo. Na si ati Holmes alikuwa mjinga, ramani yake ya V1 bado inaheshimiwa. Shida ni jina lake lilikuwa zito, na maneno ya Riddoch yakawekwa kando miaka na miaka.

Hadi miaka ya 70, Semir Zeki, akichunguza ubongo wa tumbili, akapata eneo ambalo seli zake zinajali mwendo. Leo linaitwa V5. Halafu 1983 watafiti wa Munich wakaandika kuhusu mama mmoja aliyepoteza mwendo pekee. Akimimina chai, anaiona imeganda kama barafu. Gari liko mbali, ghafla liko hapa. Hebu vuka Thika Road hivyo.

1991 Felleman na Van Essen wakachora ramani ya tumbili aina ya macaque: maeneo 32, viungo 305. Hiyo si laini moja, hizo ni ruti za matatu.

Lakini ya 1995 ndiyo ilinimaliza. Kitu kikisonga kwa kasi, ishara hufika V5 kabla ya kufika V1. Kuna njia ya panya! Risasi iliharibu steji, lakini ile njia ya pembeni inaweza kuwa ilibaki wazi.

1998 Zeki na mwenzake ffytche wakaipa hali hiyo jina la Riddoch. Yeye alikuwa amefariki 1947. Mimi ningeiita kwa jina la wale askari, maana wao ndio walikuwa kwa giza na bado wakasema kuna kitu kimepita.