Mfungo Uliozaliwa Penye Mizeituni

Katika Karne za Kati, Mkatoliki aliyefunga Kwaresima alikula mlo mmoja tu kwa siku, Jumapili zikiachwa kando, na mlo huo haukuruhusiwa kuwa na nyama, mayai, maziwa, jibini wala siagi. Hapo zamani ulingoja jua lichwe. Baadaye ukasogezwa hadi saa tisa, na kufikia karne ya 14 wengi walikwisha kula saa sita mchana. Kwa kuwa kanuni ilitaka Masifu ya Jioni yatangulie chakula, mapadre wakayasali kabla ya adhuhuri!

Tomaso wa Akwino alieleza kuwa vyakula vitokanavyo na wanyama wa nchi kavu vina ladha zaidi na huamsha tamaa za mwili kuliko samaki. Ndiyo maana soko la samaki lilinawiri: heringi waliotiwa chumvi kwenye mapipa, na samaki wakavu wa Norway waliosafirishwa kutoka bandari ya Bergen. Kwa tajiri, Kwaresima ilikuwa samaki wabichi na mapishi ya maziwa ya lozi. Maskini alikula heringi yuleyule wiki baada ya wiki, kwa mkate na kunde.

Lakini dhuluma kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ilikuwa katika mafuta. Kanuni ya mfungo ilikomaa kando ya Mediterania, ambako kupika bila siagi si taabu kwa sababu zeituni zipo. Kaskazini ya milima ya Alps mzeituni hauoti. Mafuta yake yaliletwa kutoka mbali, yakauzwa ghali, mara nyingi yakiwa yameshachacha. Watu wakaomba ruhusa ya kula siagi, na ruhusa ikawa na bei. Mnara mmoja wa kanisa kuu la Rouen, Ufaransa, uliojengwa kuanzia mwishoni mwa karne ya 15, unaitwa Mnara wa Siagi hadi leo kwa sababu ya sadaka zilizotolewa kupata ruhusa hiyo. Mwaka 1491 Papa Inosenti VIII aliwaruhusu watu wa Saksonia watumie siagi, nao wachangie ujenzi wa kanisa. Mwaka 1520 Martin Luther alilalamika kwamba Roma inawalisha Wajerumani mafuta ambayo yenyewe isingeyapaka hata viatu. Miaka miwili baadaye, huko Zürich, mchapishaji Christoph Froschauer na wafanyakazi wake walikula soseji ndani ya Kwaresima. Padre wa mji huo, Zwingli, aliyekuwapo ila hakula, aliwatetea mimbarani.

Kwa Wakatoliki wenyewe, Sheria ya Kanisa ya 1917 iliruhusu mayai na maziwa hata siku za kujinyima nyama. Mwaka 1966 Papa Paulo VI alibakiza siku mbili za lazima za kufunga, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Aliwaachia maaskofu wa kila nchi nafasi ya kuweka matendo ya huruma na sala badala ya kujinyima chakula, akitofautisha wazi wajibu wa nchi zenye shibe na ule wa nchi zenye njaa.