Mali bila Daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nilipokuwa kazini nilidhani maneno hayo yanawahusu wenye maduka tu. Sasa nimestaafu, nami naona kwamba yanahusu pia desturi: za nyumbani, za chuoni, na hasa za biashara iliyoanzishwa na ukoo mmoja kisha ikavuka bahari. Historia ya ukoo wa Cadbury wa Uingereza ni mfano mzuri wa jambo hili.

John Cadbury alifungua duka mjini Birmingham mwaka 1824, akiuza chai, kahawa na kakao ya kunywa. Alikuwa Mkweka, yaani mfuasi wa dhehebu la Marafiki, lile lile lenye waumini wengi magharibi mwa Kenya tangu misheni ya Kaimosi ilipoanzishwa mwaka 1902. Marafiki walichukia vita, utumwa na ulevi, na walitumaini kwamba kikombe cha kakao kingemtoa mfanyakazi kilabuni. Wanawe wawili, Richard na George, walipokabidhiwa biashara mwaka 1861 ilikuwa karibu kufa. Waliinyanyua kwa jasho lao, na asubuhi walikusanyika na wafanyakazi wao kusoma Biblia. Mwaka 1879 walikihamisha kiwanda kutoka katika moshi wa mji hadi mashambani, mahali walipopaita Bournville. Baadaye George akajenga hapo kijiji cha nyumba zenye bustani.

Katika siku hizo desturi ya ukoo haikuhitaji kuandikwa. Mwenye mali alimwona mfanyakazi wake kila siku, akamjua kwa jina, akajua mtoto wa nani ni mgonjwa. Macho yalitosha.

Lakini kakao haioti Birmingham. Sehemu kubwa ya kakao yao ilitoka São Tomé, kisiwa kilichokuwa koloni la Wareno katika Ghuba ya Guinea. Mwaka 1901 William Cadbury, mwana wa Richard, aliletewa tangazo la kuuza shamba kisiwani humo. Miongoni mwa mali zilizowekewa bei walikuwamo vibarua Waafrika. Watu hao walichukuliwa Angola kwa mikataba ya miaka 5, na mikataba ilipokwisha hawakurudishwa kwao.

Je, ukoo uliochukia utumwa ulifanya nini? Ulihuzunika kweli. William alikwenda Lisbon kuzungumza na wakubwa wa Kireno. Mwaka 1905 walimtuma Joseph Burtt akajionee mwenyewe huko São Tomé na Angola, naye akarudi mwaka 1907 na taarifa iliyothibitisha ubaya wote. Mwaka 1908 William naye akafunga safari. Muda wote huo waliendelea kununua, kwa hoja kwamba mnunuzi husikilizwa kuliko mtu aliyekwisha kuondoka sokoni. Walitangaza kuacha Machi 1909. Ilikuwa imepita miaka 8. Gazeti moja la London lilikuwa limewaita wanafiki, wakalishtaki, wakashinda. Lakini wazee wa baraza waliwapa fidia ya farthingi moja, yaani robo ya peni.

Msomaji wa kwetu ataona jambo jingine. Tangu mwaka 1897 Marafiki wa Uingereza walikuwa na misheni kisiwani Pemba, ambako watumwa walioachwa huru walipata kazi ya ujira katika shamba la karafuu. Upande huu wa Afrika dhehebu lao lilimlipa mtu huru; upande wa pili kampuni ya waumini wake ilinunua jasho la mtu asiye huru.

Mimi siwaiti wanafiki. Nadhani desturi yao ilikaa machoni, na macho ya Bournville hayakufika São Tomé. Hapakuwa na kanuni ya kumwambia mnunuzi wa kakao: usinunue zao la mtu asiyeweza kuondoka kazini. Basi kila jambo likasubiri barua, safari na taarifa.

Nasema hivyo kwa kuwa nami nilikosa vivyo hivyo. Nilipokabidhiwa chuo cha ualimu tulikuwa na wanachuo 120, na kila Ijumaa wakufunzi tulikula nao ugali na maharage meza moja, tukisikiliza shida zao. Wanachuo walipozidi 500 niligawa madaraka, nikaamini kwamba wenzangu wapya wanaijua desturi ile. Siku moja kijana aliyefiwa na mama yake aliniambia kwamba amekaa mihula miwili bila mkufunzi yeyote kumwuliza habari za kwao. Niliona haya. Hakuna aliyeivunja desturi yetu. Sikuwa nimemkabidhi mtu.

George Cadbury alilifahamu jambo hili kuhusu kijiji chake. Mwaka 1900 aliitoa milki yake, nyumba 313 pamoja na ardhi, akaiweka chini ya wadhamini wenye hati na masharti. Udhamini huo upo hadi leo. Kampuni haikuwekewa kinga ya namna hiyo. Katika miaka ya 1960 hisa zake zilifika mikononi mwa umma, mwaka 1969 ikaungana na Schweppes, na mwaka 2010 ikanunuliwa na Kraft ya Marekani. Wanunuzi walisema kwamba wangependa kukiendeleza kiwanda cha Somerdale, karibu na Bristol, ambacho kilikuwa kimepangwa kufungwa. Kampuni ilipokuwa yao, siku chache tu zilipita wakatangaza kwamba kitafungwa.

Leo wapo vijana wetu wenye duka Kariakoo na tawi Dubai. Nawaombea heri. Lakini kabla ya kufungua tawi la pili, kaeni na mama aliyelianzisha duka. Mwulizeni humfanyia nini mfanyakazi aliyefiwa, na ni faida gani aliyopata kuikataa, na kwa nini. Kisha yaandikeni katika daftari lile lile la hesabu, na atakayeshika ufunguo wa Dubai aweke sahihi yake chini.