Kilumi

Kilumi ni ngoma ya pepo ya Wakamba, inayojulikana Mutomo, kusini mwa Kaunti ya Kitui, na kwingineko Ukambani. Huchezwa hasa na wanawake wazee, kuomba mvua au kumtibu aliyepandwa na aimu, roho za wahenga. Ngoma hupigwa hadi roho ipande. Ndipo huulizwa inataka nini, iwe nguo, shanga au chakula. Mwanateolojia John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, aliwaita marehemu wanaokumbukwa bado "wafu walio hai", na roho za kilumi hazieleweki vizuri bila wazo hilo.

Ndugu ya kilumi ng'ambo ni Vodou ya Haiti, ambako lwa, yaani roho, humpanda mwabudu. Uganga wa vitabu wa Ulaya uko mbali na kilumi. Katika Ufunguo wa Sulemani, uliotolewa kwa Kiingereza mwaka 1889 na Mathers, mwasisi mmoja wa chama cha Golden Dawn cha London, mganga husimama ndani ya duara limkinge, akaiamuru roho kwa majina matakatifu. Kwenye kilumi mwili hutolewa kwa roho, na roho husikilizwa.

Kuziita mila zote hizi uchawi ni dhuluma: Wakamba wenyewe huutenga uoi, uchawi wa kudhuru, na kazi ya mundu mue, mganga wao.