Sindano ya kifua kikuu na tahadhari zake

STREPTOMAISINI, iliyogunduliwa Marekani mwaka 1943, ndiyo dawa ya kwanza ya kuua viini iliyofaulu kutibu kifua kikuu. Nchini Kenya, zikiwemo Kitui na Makueni, wagonjwa waliougua tena baada ya kutibiwa walidungwa kila siku kwa miezi miwili, huku wakimeza vidonge.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri mpango huo uachwe, na makohozi yapimwe kwanza ili kubaini dawa inayofaa. Sindano sasa hutolewa kwa nadra.

Sababu mojawapo ni madhara yake. Dawa hiyo huweza kudhuru figo na sehemu ya ndani ya sikio, na uziwi utokeao aghalabu hautibiki. Hivyo kipimo hufuata uzani: takriban miligramu 15 kwa kila kilo, bila kuzidi gramu moja kwa siku. Wazee hupunguziwa. Wajawazito hawapewi, kwani mtoto huweza kuzaliwa kiziwi.

Mgonjwa akisikia mvumo masikioni, akipatwa na kizunguzungu au mkojo ukipungua, yampasa amweleze mhudumu kabla ya kudungwa tena. Asiache vidonge kwa hiari yake. Kufanya hivyo huzalisha viini sugu.