Kahawa Chungu, Kashata Tamu

Mara ya kwanza kuomba sukari kwenye kahawa ya barazani, nilichekwa. Nilikuwa na miaka kumi na moja, nimefuatana na babu hadi Tanga mjini, na muuza kahawa alikuwa ameshanimiminia. Babu peke yake hakucheka. Alinyosha mkono kwenye sinia, akachukua kipande cha kashata ya karanga, akakiweka kiganjani mwangu. Ng'ata kwanza, akasema, halafu piga funda.

Ndivyo nilivyojifunza kanuni ambayo mwambao mzima unaijua. Kahawa ya barazani haitiwi sukari. Hupikwa ikawa chungu, pengine na tangawizi au iliki, hukaa ndani ya birika la shaba juu ya makaa, na hunywewa kwa finjani ndogo isiyo na kishikio. Utamu huja pembeni: kashata, halua au tende. Ukiuliza kwa nini, utajibiwa kwamba uchungu hutaka utamu. Hilo ni jibu la ulimi, na ni jibu sahihi. Historia nayo ina jibu lake, ila ndani yake mambo yamekaa kinyume. Kile kichungu kina kumbukumbu nzuri ya kusimulia. Kile kitamu ndicho kinachotutia kigugumizi.

Tuanze na kahawa. Katika karne ya 15 masufi wa Yemen walikuwa wakiinywa ili wasisinzie katika dhikri za usiku. Kutoka kwenye zawia ikaingia mitaani, na watu wakapata sababu ya kukaa pamoja na kuzungumza. Watawala hawakupendezwa. Mwaka 1511, mjini Makka, ofisa wa dola ya Mamluki aliyeitwa Khair Beg aliwakusanya wanazuoni, kahawa ikapigwa marufuku. Wakubwa wake wa Cairo hawakumuunga mkono, na marufuku haikudumu. Aliyewahi kukaa Jaws Corner, pale Mji Mkongwe wa Unguja, akasikiliza siasa zinavyochambuliwa finjani baada ya finjani, ataielewa hofu ya Khair Beg. Kilichomtisha ni maneno ya wanywaji kuliko kinywaji chenyewe.

Kahawa ya Yemen ilifika kwetu kwa majahazi ya msimu. Waoman nao wakaja na namna yao ya kuinywa: bila sukari, pamoja na tende au halua. Seyyid Said alipohamishia makao yake Unguja, kati ya miaka ya 1830 na 1840, desturi hiyo ikapata mji wa kukaa.

Huko bara, kando ya Ziwa Viktoria, Wahaya walikuwa na kahawa yao wasiyoipata kwa jahazi lolote. Waliyachemsha matunda mabichi ya robusta pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakayakausha, wakawa wanayatafuna. Mgeni alikaribishwa kwa kahawa hiyo. Marafiki wawili waliotaka kuwa ndugu wa kuchanjiana waligawana punje mbili za tunda moja zilizopakwa damu yao, kila mmoja akala punje yenye damu ya mwenzake. Baadaye wakoloni waliiingiza kahawa katika dhuluma zao. Nchini Kenya, kwa miaka mingi, Mwafrika hakuruhusiwa kuilima asije akashindana na mlowezi. Hata hivyo, kabla ya hayo kahawa ilikuwa imekwisha kuishi karne kadhaa kama kitu cha kuwaweka watu pamoja.

Sasa tuigeukie kashata. Karanga asili yake ni Amerika ya Kusini, nazi ilitoka pande za Asia, lakini kinachozigandisha pamoja ni sukari. Na sukari, katika pwani hii, ina mahali pake pa kukumbukwa: bonde la Mto Pangani.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19, kingo za mto huo zilijaa miwa. Wenye mashamba walikuwa Waarabu wa Kioman pamoja na baadhi ya waungwana wa Kiswahili, na mitaji mingi ilikopwa kwa wafanyabiashara wa Kihindi. Sukari guru na asali ya miwa vilisafirishwa kwenda Unguja na Uarabuni. Waliokata na kukamua miwa hiyo walikuwa watumwa.

Utumwa wa pwani ulikuwa na sura nyingi, na mara nyingi tunaambiwa kwamba ulikuwa wa upole. Ni kweli kwamba katika mashamba mengi mtumwa, kwa desturi, alikuwa na siku zake katika juma za kulima kikonde chake mwenyewe. Lakini muwa haungoji desturi. Ukishakatwa lazima ukamuliwe upesi, la sivyo maji yake huchacha. Maji yakishakamuliwa lazima yachemshwe, moto ukolezwe, povu lienguliwe, usiku na mchana hadi mavuno yaishe. Mwenye shamba aliyekuwa na deni la kulipa hakuwa na nafasi ya kuhesabu siku za mtumwa. Ule muda mdogo aliokuwa nao mtu wa chini, wa kujilimia na kuwa mtu mbele ya watu, ndio ulioliwa na sukari.

Mwaka 1873 watumwa wa mashamba hayo waliasi. Walitoroka kwa wingi, wakajijengea makazi yao wenyewe. Waliitwa watoro. Mwaka huohuo, huko Unguja, Sultani Barghash alitia saini mkataba na Waingereza wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Huo mkataba tunaufundishwa. Uasi wa Pangani wachache wameusikia, na neno mtoro limebaki kuwa la mwanafunzi anayekwepa shule.

Tende nayo haikusalimika. Mwishoni mwa karne hiyo Wamarekani walizipenda sana tende za Oman, na shehena nzimanzima zikawa zinakwenda New York. Katika mashamba ya Batinah, kwenye pwani ya Oman, mitende ilimwagiliwa kwa maji ya visima, na wengi wa waliofanya kazi hiyo ngumu walikuwa watumwa waliotolewa Afrika Mashariki. Kwa hiyo sinia la kahawa la zama zile, liwe la Unguja au la Maskati, lilikuwa na mkono wa mtu wetu upande uleule, upande wa utamu.

Hapa ndipo jina tulilolikariri sote darasani linapoingia. Abushiri bin Salim al-Harthi aliongoza vita vya pwani dhidi ya kampuni ya Wajerumani mwaka 1888 na 1889. Alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Tulijibu maswali ya mtihani juu yake, tukamwita shujaa, na ushujaa wake mbele ya mizinga ya Wajerumani hauna ubishi. Alikuwa pia na shamba la miwa Pangani, shamba lililolimwa na watumwa. Habari hizi mbili ni za mtu mmoja. Tumeizoea ile ya kwanza kiasi kwamba ya pili inasikika kama matusi.

Nadhani ni kwa sababu mashujaa tumewachagua kwa kuangalia walipigana na nani. Hatukuuliza asubuhi kabla ya vita nani alikuwa anawapelekea maji. Watoro wa 1873 walipigania uhuru miaka kumi na tano kabla ya Abushiri, na waliowakimbia walikuwa watu wa tabaka lake. Katika Tanganyika utumwa uliendelea kutambuliwa kisheria hadi 1922. Kuna wazee wetu waliolelewa na watu walioujua kwa miili yao.

Mwaka jana nilikwenda Pangani. Nilivuka kwa kivuko hadi Bweni na kurudi, nikautazama mto ule mpana wenye maji ya rangi ya udongo, halafu jioni nikakaa barazani na wazee. Kahawa ikaja, kashata ikaja. Mazungumzo yakafika kwenye asili za watu, kama yanavyofika siku zote. Mmoja babu zake walitoka Shiraz, mwingine Hadhramaut, wa tatu Oman kwenye mji anaoujua kwa jina. Niliwahesabu kimoyomoyo. Barazani pale hapakuwa na mtu hata mmoja ambaye babu yake alikata miwa.

Zamu yangu ilipofika, nilisema nilichofundishwa. Babu yangu alizaliwa ng'ambo ya mto, na alituambia asili yetu ni Hadhramaut. Sikusema kwamba mama yake aliitwa kwa jina la siku aliyozaliwa tu, bila la baba wala la ukoo, na kwamba kila tulipomuuliza habari zake, babu alikuwa akitutuma dukani.

Muuza kahawa alipita tena akigonganisha vikombe vyake. Nikanyosha mkono kwenye sinia kama nilivyofundishwa, nikang'ata, nikapiga funda. Ilikuwa tamu, karanga zimekaangwa vizuri. Kisha nikamwambia mzee aliyekuwa karibu yangu kwamba nilikuwa nimekosea, na kwamba upande wa mama yake babu huenda walikuwa watu wa mashambani, watu wa miwa. Hakunijibu mara moja. Aliinamisha finjani yake kuonyesha ametosheka, akaniuliza jina la yule mama.

Nikamtajia: Mwanajuma.