Rekodi ya mwanamke aliyekimbia na wanaume

Anayetaka kuvuka Mtaa wa Kongo, Kariakoo, siku za kuelekea Idi anajua la kufanya. Anasubiri mkokoteni upite, kisha anajipachika nyuma yake. Msukuma mkokoteni anapaza sauti, "Pisha! Pisha!", umati unaachia njia, na aliye nyuma anatokea upande wa pili hata bega hajaguswa. Katembea kwa miguu yake mwenyewe, hilo halina ubishi. Ila muda aliotumia, je, ni wake peke yake? Wakuu wa michezo wamelivutania swali hilo kwa miaka mingi, na karibu kila mara anayewekwa kizimbani ni mwanamke.

Kesi maarufu ya bwawani ni ya Sydney, tarehe 3 Aprili 2007. Marekani na Australia zilikuwa zikipambana, na mbio za kupokezana mita 100 mara nne zikachanganya wanaume na wanawake. Zamu ya kwanza Marekani ilimtanguliza Michael Phelps, Australia ikamtanguliza Libby Lenton, ambaye baadaye alijulikana kama Libby Trickett. Lenton aligusa ukuta kwa sekunde 52.99. Hakuna mwanamke aliyekuwa amewahi kushuka chini ya sekunde 53. Rekodi ya dunia, ya Mjerumani Britta Steffen, ilikuwa 53.30. Shirikisho la kuogelea duniani, lililoitwa FINA wakati huo, likaikataa 52.99 hiyo, kwa kuwa mbio za mchanganyiko hazikuwamo katika orodha yake. Ukisema Phelps alimvuta, kumbuka kwamba Phelps alimaliza kwa 48.72, zaidi ya sekunde nne mbele yake. Mvuto gani huo? Machi 2008, akiogelea na wanawake watupu, Trickett aliandika 52.88 na ubishi wake ukaishia hapo.

Mbio za kupokezana za mchanganyiko zilikuja kukubaliwa, zikaingia mashindano ya dunia ya Kazan mwaka 2015 na kisha Olimpiki ya Tokyo. Hata hivyo, muda wa mwogeleaji wa kwanza katika mbio hizo bado hauhesabiwi kuwa rekodi ya dunia.

Afrika Mashariki tunaumizwa zaidi na barabara kuliko bwawa. Mkenya Tegla Loroupe alikimbia marathoni ya Rotterdam ya Aprili 1998 kwa 2:20:47, akaifuta rekodi ya Ingrid Kristiansen iliyodumu tangu 1985. Mwaka uliofuata, Berlin, akaipunguza kwa sekunde nne. Manung'uniko yakaanza: alikuwa na wanaume wa kumvutia kasi. Catherine Ndereba akafuata Chicago mwaka 2001 kwa 2:18:47, kisha Mwingereza Paula Radcliffe akakimbia London 2003 kwa 2:15:25, wanaume wakiwa sambamba naye.

Mwaka 2011 shirikisho la riadha la dunia, lililoitwa IAAF wakati huo, liliamua kwamba rekodi ya wanawake itatoka tu katika mbio za wanawake peke yao. Radcliffe angevuliwa 2:15:25 na kubaki na 2:17:42 ya London 2005. Kelele zilipozidi, Novemba mwaka huohuo shirikisho likarudi nyuma na kuweka orodha mbili, ya mchanganyiko na ya wanawake watupu. Mary Keitany aliingia katika hiyo ya pili mwaka 2017 kwa 2:17:01, London.

Wenye shaka wana hoja, nami siidharau. Mwanamume akiwania rekodi, wavuta kasi wake huishiwa pumzi. Berlin 2018 Eliud Kipchoge aliachwa peke yake tangu kilomita ya 25. Mwanamke anaweza kuwa na mwanamume wa kukodiwa hadi kwenye utepe. Ruth Chepngetich alikuwa nao wawili Chicago mwaka 2024 alipoandika 2:09:56. (Kufungiwa kwake mwaka 2025 kwa dawa zilizokatazwa ni kesi nyingine kabisa.) Kwa upande wa wanawake watupu, Tigst Assefa aliandika rekodi ya 2:15:50 London, Aprili 2025. Na kama tunataka usafi wa kweli, basi tumtaje Filbert Bayi wetu, aliyeongoza mita 1500 za Christchurch mwaka 1974 tangu mwanzo, bila wa kumfungulia njia, akaweka rekodi ya dunia ya 3:32.2. Kwa kipimo hicho rekodi nyingi za wanaume nazo zingefutwa, lakini hizo hakuna anayezigusa.

Ndiyo maana naitetea 2:18:41 ya Magdalena Shauri. Mtanzania huyo aliipata Berlin, Septemba 2023, akashika nafasi ya tatu katika barabara iliyojaa wanaume, na ikawa rekodi ya taifa. Angekimbilia wapi pengine? Olimpiki na mashindano ya dunia huwatenga wanawake na wanaume, lakini huko watu hukimbilia medali, mara nyingi kwenye joto. London huwatanguliza wanawake mahiri kwenye barabara yao, ila huko huendi mpaka ualikwe. Hapa Dar es Salaam mbio za barabarani huanza kwa mlio mmoja, wake kwa waume.