Dawa ya Miujiza na Gharama Yake kwa Mama

Leo nataka tuzungumze juu ya dawa ambazo huenda zimo nyumbani mwako bila wewe kujua: steroidi. Ili tuzielewe vizuri, turudi nyuma kidogo tuone zilikotoka.

Daktari Philip Hench, wa Kliniki ya Mayo huko Marekani, aliona jambo la ajabu. Wanawake wenye baridi yabisi walipata nafuu walipokuwa waja wazito. Akawaza kwamba kuna kitu mwilini kinacholeta nafuu hiyo. Mwenzake, Edward Kendall, alikuwa akichunguza homoni za tezi ndogo zilizo juu ya figo. Mwezi wa Septemba 1948 mwanamke wa miaka 29, ambaye viungo vyake vilikuwa vimekaza hata kutoka kitandani ni taabu, alidungwa mojawapo ya homoni hizo, kotisoni. Baada ya siku chache alikuwa akitembea. Kabla ya wiki mbili kwisha alikwenda madukani kwa miguu yake. Mwaka 1950 Hench na Kendall, pamoja na Tadeus Reichstein wa Uswisi, walipewa Tuzo ya Nobel.

Watu waliiita dawa ya miujiza. Lakini upesi madaktari waliona upande wa pili. Wagonjwa waliopewa dozi kubwa kwa muda mrefu walivimba uso ukawa mviringo, tumbo likanenepa, mikono na miguu ikakonda. Wengine walipanda presha au wakapata kisukari. Wanawake waliota ndevu, hedhi ikavurugika, mifupa ikawa dhaifu na kuvunjika kwa urahisi. Na dawa ilipokatizwa, maumivu yalirudi.

Mwaka 1952 ilionekana kwamba steroidi ya kupakwa hutuliza ukurutu. Zikafuata krimu zenye nguvu zaidi. Krimu hizo hufanya ngozi ipauke, na hapo ndipo wafanyabiashara ya urembo walipopata mwanya. Hapa Kenya, mwaka 1998, shirika la kukagua ubora wa bidhaa, KEBS, lilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na hidrokwinoni. Hata hivyo krimu za kujichubua hazijaisha sokoni, na nyingine zina steroidi kali ndani yake.

Mama mmoja alikuja kliniki mshono wake wa upasuaji wa uzazi ukiwa umekataa kufunga. Ngozi ilikuwa nyembamba, ina michirizi mikubwa mapajani. Nilipomuuliza anapaka nini, alinyamaza, kisha akatoa tyubu kwenye mkoba. Alikuwa ameitumia mwili mzima kwa miaka mitatu. Hakuna aliyemwambia kuwa ni dawa.

Mama, sikuambii uzikimbie steroidi. Mwaka 1972, huko New Zealand, Liggins na Howie walionyesha kwamba sindano ya steroidi kwa mama anayekaribia kujifungua kabla ya wakati husaidia mapafu ya mtoto kukomaa. Watoto wengi wako hai kwa sababu hiyo. Dawa ya kuvuta ya pumu nayo mara nyingi ina steroidi kidogo, na mtoto wako asiikose. Shida ni kuzitumia bila kipimo na bila mtu wa kukuangalia.

Basi fanya hivi. Soma tyubu kabla ya kununua. Ukiona jina clobetasol au betamethasone, hiyo ni dawa, si mafuta ya urembo. Usimpake mtoto krimu yako, hasa chini ya nepi, kwa maana ngozi yake hunyonya dawa upesi. Usimeze tembe za kunenepesha zinazouzwa bila jina.

Na kama umekuwa ukitumia kwa muda mrefu, usiache ghafla. Tezi zako zimezoea kupumzika, na zikikosa dawa kwa mara moja unaweza kuzirai, hata kufa. Njoo kituo cha afya na hiyo tyubu au tembe, tukupunguzie polepole. Usione haya, hatutakugombeza.

Hench alijua kila mgonjwa wake alipewa kiasi gani na kwa siku ngapi. Wewe pia una haki ya kujua. Hadi kipindi kijacho, jitunze, mama.